Makerere: acheni kupiga picha mnara tu

Ukiandika Makerere, kile chuo kikuu cha Kampala, kwenye simu yako hapo, picha zitakazokuja karibu zote ni moja, lile jengo jeupe refu lenye mnara wa saa katikati, nyasi mbele yake, na mtu kavaa joho anacheka meno yote nje. Picha hiyohiyo iko kwenye kalenda, kwenye vikombe, kwenye status za watu waliomaliza juzi na za wazee waliomaliza kabla baba zetu hawajaoa. Sina ugomvi na jengo lenyewe, ni zuri na nitalisema sana humu ndani. Ila mi naishi Kampala muda sasa, kazini kwangu ni mitaa ya Wandegeya chini tu ya kile kilima, na mpwa wangu wa Bukoba anasoma pale juu, kwa hiyo kupanda pale kwangu ni jambo la kawaida, na kadiri ninavyozoea ndo naona kwamba lile jengo ni sura tu, Makerere yenyewe iko kwenye ardhi iliyokalia na kwenye mabweni yake, na huko hakuna anayepeleka kamera.

Haya, tuanze na moto manake ndo habari ya karibuni. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 20 Septemba 2020, chuo kimefungwa kwa sababu ya korona, wanafunzi wako makwao, Jengo Kuu, ndo hilohilo la mnara, likawaka. Lilianza kuungua kwa juu, paa likashuka, ofisi za fedha na za kumbukumbu zikaenda na moto, asubuhi Kampala ikaamka inaangalia kuta zimesimama na madirisha hayana kitu nyuma yake. Na kilio hakikuwa cha Waganda peke yao, Nairobi walilia, Dar walilia, kuna mzee mmoja wa kwetu Bukoba aliyesoma pale miaka ya 60 alinipigia simu mapema kabla hata sijapiga mswaki ananiuliza mnara umebaki au umeanguka. Hakuuliza hasara ni shilingi ngapi. Mnara.

Sa baada ya hapo ukaja mjadala ambao kwangu ndo mtamu. Wengine wakasema jamani hili lilikuwa jengo la mkoloni, limeungua, basi jengeni kitu chetu cha kisasa, vioo na lifti, mnangoja nini. Wengine wakasema hapana, rudisheni lilelile. Na cha kuchekesha ni kwamba makamu mkuu wa chuo wakati huo, Profesa Barnabas Nawangwe, kitaaluma ni msanifu majengo, yaani katika watu wote wa kuunguliwa na jengo ikatokea ni yeye. Wakaamua kulirudisha kwa sura ileile. Oktoba 2022 chuo kikatimiza miaka 100, sherehe kubwa, wageni kila kona, na jengo ambalo liko kwenye kila picha ya chuo bado halijasimama. Likaja kufunguliwa Oktoba 2024.

Mi niko upande wa waliolirudisha, ila sio kwa sababu ya uzuri. Ukimuuliza mtu wa pale kuhusu Jengo Kuu hatakutajia gavana hata mmoja, atakuambia nilipangiwa chumba cha mtihani pale, nilikimbizwa na polisi pale wakati wa mgomo, mama yangu alinivalisha shada pale. Mwingereza alilijenga, sawa, lakini miaka 80 ya watu kulalamikia ada kwenye ngazi zake imeshamhamisha mwenye nyumba. Ungejenga jumba la vioo hapo ungekuwa na benki nyingine tu, na Kampala ina benki za kutosha.

Turudi nyuma kidogo. Makerere haikuzaliwa chuo kikuu, ilizaliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, wanafunzi 14, wote wavulana, wote wa kutwa, wakisoma useremala, ujenzi na umakenika. Kwa lugha ya kwetu Tanzania ni kama VETA, vile vyuo vya ufundi stadi. Muda si mrefu wakaongeza udaktari, kilimo, mifugo na ualimu, na ukiangalia hiyo orodha vizuri utaona serikali ya kikoloni ilikuwa inatafuta nini, ilikuwa inatafuta wasaidizi. Daktari msaidizi wa kufanya kazi hospitali ya Mulago kilima cha pili, bwana shamba msaidizi, mwalimu wa shule ya misheni. Mtu wa kukaa anafikiri hakuwemo kwenye bajeti. Hata kaulimbiu ya chuo ya zamani ilikuwa inasema tuwe wanaume, basi, imeisha. Mwaka 1945 wakaingia wasichana 6 na kaulimbiu ikawa haina pa kusimama, wakaibadilisha, ndo hii ya leo ya kujenga kwa ajili ya kesho. Yaani wasichana 6, hata mstari mmoja wa darasa hawajazi, wakabadilisha maneno ya chuo kizima. Mpwa wangu hii stori anaipenda kupita kiasi, kila mgeni akija lazima amsimulie.

Jengo Kuu linatoka kwenye zamu ya pili. Mwaka 1937 ilipita tume ya De La Warr kuangalia elimu ya juu Afrika Mashariki, ikapendekeza Makerere iwe chuo cha nchi zote za huku sio Uganda peke yake, na gavana wa Uganda wakati huo, Philip Mitchell, alikuwa anaisukuma hiyo ajenda kwa nguvu zake zote. Jengo likakamilika 1941. Sasa fikiria 1941, Ulaya mabomu yanashuka usiku kucha, London yenyewe imebomoka nusu, na huku kwenye kilima cha Kampala mafundi wanapanga vigae vyekundu juu ya paa la chuo ambacho wanafunzi wake wote ungewaingiza kwenye ukumbi mmoja na viti vikabaki.

Nendeni mkalitazame kwa makini. Ni jengo lililopangwa kama mizani, mkono wa kushoto sawa na mkono wa kulia, madirisha yamepangwa mstari juu ya mstari, halafu katikati mnara mdogo wenye saa, kwa hiyo popote unaposimama kwenye zile nyasi macho yanaburutwa katikati. Hakuna pambo la maana, hakuna nakshi, hakuna kitu chochote kinachokuambia uko Buganda, hakuna hata dalili kwamba kilomita chache kutoka hapo, Kasubi, kuna makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, yaliyojengwa kwa nyasi na matete kwa ufundi ambao msanifu yeyote duniani angeufuata kwa miguu kuuona. Jengo la Makerere linaongea lugha ya ofisi ya serikali ya Uingereza, safi, lenye adabu, limenyoosha mgongo. Ila weupe wake na jua la saa nne asubuhi, na ule weusi wa mawingu ya mvua ya Kampala yakijikusanya nyuma ya mnara, hapo siwezi kubisha, aliyechagua mahali alijua anachofanya.

Kuhusu mahali sasa. Hapa ndo pana kisa ambacho vitabu vya shule kwetu havikukigusa na mi nimekisikia ukubwani.

Ardhi ya Buganda sio ya kuchukua hivihivi. Tangu mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda ardhi kubwa iligawiwa kwa viwanja vya watu, machifu, kabaka na makanisa, ndo hiyo wanaita mailo hadi leo na hadi leo inaleta kesi mahakamani. Chuo kilipotaka kupanuka kilihitaji ardhi ya jirani, na serikali ilihitaji sheria ya kuichukua kwa ajili ya shughuli za umma. Waganda wengi walikataa kabisa, waliona ukishafungua huo mlango wa chuo leo kesho wazungu wataingia nao na mashamba yao kama walivyofanya Kenya, na kwa kweli ukiangalia Kenya utawalaumu vipi. Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, alikuwa Martin Luther Nsibirwa, yeye akaona chuo ni muhimu, akasimamia sheria ikapita kwenye Lukiiko, bunge la Buganda. Tarehe 5 Septemba 1945, asubuhi, akiwa anaingia kanisa kuu la Namirembe kusali, akapigwa risasi akafa. Na Namirembe sio mbali, ukisimama kwenye kilima cha Makerere unaliona kanisa.

Mimi nilivyosikia hiki kisa mara ya kwanza nilikaa kimya. Manake tumezoea kusikia chuo kilianzishwa, jengo likafunguliwa, mgeni rasmi akakata utepe. Hapa mtu kafa kwa sababu ya kiwanja. Na kuna namna mbili za kumwona, kuna wanaosema alikuwa msaliti wa ardhi na kuna wanaosema alikuwa shahidi wa elimu, na nimewahi kuona wazee wawili wa Kiganda wakibishana juu yake mpaka chai ikapoa. Mi naona wote walikuwa na haki ya kuogopa. Waliokataa hawakuwa wajinga wasiopenda shule.

Jina lake sasa liko pale chuoni, na hapo ndo tunaingia kwenye mabweni. Kuna bweni lilikuwa linaitwa Northcote, jina la Mwingereza aliyewahi kuwa mwenyekiti wa baraza la chuo, baadaye likabadilishwa likaitwa Nsibirwa. Ila uliza wakazi wake, wengi bado wanajiita kwa Northcote, na wakianza kuimba usiku utajua hilo jina la zamani halijaenda popote. Marehemu kapewa bweni, na waliomo ndani wanajivunia jina la mzungu aliyeondolewa. Hii ndo Makerere ninayoipenda, haikai ikanyooka.

Ukitaka siasa ya Afrika Mashariki kwa ufupi soma majina ya mabweni tu. Mitchell, gavana. Livingstone, mpelelezi. Mary Stuart, mke wa askofu wa Kianglikana. Halafu ghafla upepo unageuka, unakuta Lumumba, unakuta Nkrumah, unakuta bweni la wasichana limeitwa Africa, basi. Na wa Dar mnajua, sisi nasi tuna Nkrumah pale Mlimani, ila yetu ni ukumbi. Kinachonimaliza mimi ni kwamba kilima kimoja kina bweni la Lumumba, yule waziri mkuu wa Kongo, na kina bweni la Dag Hammarskjöld, yule katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Wanaokumbuka mambo ya Kongo ya 1960 na 1961 wanajua hao wawili waliachana vibaya kiasi gani, na wote wawili walikufa mwaka mmoja, 1961, Lumumba kauawa Januari na mwenzie ndege imeanguka karibu na Ndola Septemba. Sijui kama aliyegawa majina alikuwa anatania au alikuwa anasuluhisha. Wanalala jirani sasa.

"Mjomba, hapa huulizwi unasoma nini," mpwa wangu aliniambia wiki za mwanzo tu alivyoanza chuo, "unaulizwa uko bweni gani." Yeye yuko Mary Stuart. Bweni lenyewe ni lile ghorofa refu linaloonekana kutoka mbali ukiwa mjini, na wanaliita Box, na wakazi wake ni Boxers, na kila bweni la wasichana lina bweni la wavulana ambalo ni ndugu yake. Box na Lumumba wanaungana wanaitwa LumBox. Africa na Livingstone ni Afrostone. Wana nyimbo, wana rangi, wana viongozi, wana maadui wa kurithi. Mtoto anaingia mwaka wa kwanza hajui hata maktaba iko wapi ila ndani ya siku chache ameshajua bweni gani anatakiwa kulichukia, na ukimuuliza kwanini hana jibu, amekuta hivo. Nilimuuliza kama wanaume wa Lumumba wanawasaidia chochote. "Wanatuimbia," akasema. Nikamwambia hiyo sio kusaidiwa mama. "Kwenye uchaguzi wanatupigia kura, mjomba, acha dharau."

Kwa macho ya ujenzi mabweni haya yana hadithi tofauti kabisa na Jengo Kuu. Mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki kikifanya kazi na Chuo Kikuu cha London, yaani digrii ilikuwa ya London, mtihani una mkono wa London, ukifaulu Kampala umefaulu Uingereza. Mkuu wake kuanzia 1950 alikuwa Bernard de Bunsen na alikaa hapo mpaka 1964, na katika miaka hiyo ndo kilima kikajaa. Pesa za kikoloni zilianza kuja kwa haraka ya mtu anayejua muda wake unaisha. Na mtindo ukabadilika, hakuna tena habari ya mizani na mnara, sasa ni zege, ghorofa za mstari mnyoofu, korido za nje zilizo wazi upepo upite, vizuia jua juu ya madirisha. Maktaba Kuu ni ya 1959, ina hewa hiyohiyo. Hawa wasanifu wa miaka ya 50 angalau waligundua kwamba hapa ni ikweta, kuna jua na kuna mvua na mtu anataka upepo, na kwa hilo mi nawapa maksi kuliko waliojenga lile jengo la kwenye kalenda.

Nimewahi kupanda ngazi za bweni moja la wavulana kumtafuta kijana aliyeniuzia meza, ngazi za terazo, na kila kidato kimelika katikati kikawa na kibonde, kwa nyayo tu za watu, miaka zaidi ya 60 ya watu wanashuka wamechelewa pindi la saa mbili. Ukiweka mguu unaingia kwenye kibonde wenyewe bila kufikiri. Kwenye kingo za korido nguo zimeanikwa, jeans, mashuka, taulo, masufuria yanakaushwa, mtu ana jiko la umeme haramu nyuma ya mlango na harufu ya maharage inamchongea. Juu ya miti na kwenye kingo za paa wamekaa wale korongo wa Kampala, wale wakubwa wenye upara na mfuko shingoni ambao Waganda wanawaita kalooli, wanaangalia chini na dharau kabisa. Usipaki gari chini yao. Hilo ni onyo la bure.

Chakula nacho kina historia yake, msidhani migomo ya mabweni ni ya vijana wa leo. Mwaka 1952 wanafunzi waligoma kwa sababu ya chakula kibovu, kiongozi wao mmojawapo Abu Mayanja akafukuzwa chuo, na huyohuyo akaishia Cambridge na baadaye akawa mwanasiasa mkubwa Uganda. Kwa hiyo ukisikia watoto wanapiga kelele kuhusu posho na maharage jua wapo kwenye mila za chuo.

Hapo kwenye mabweni ndo wamepita na hawa wetu. Nyerere alikuwa Makerere kuanzia 1943 mpaka 1945 akisomea ualimu, na akiwa hapo alianzisha na wenzake chama cha wanafunzi wa Tanganyika, yaani siasa yake ya kwanza ya kukusanya watu aliifanyia Kampala. Siku hizi kuna kituo cha uongozi pale chuoni chenye jina lake. Mkapa alimaliza 1962, Kiingereza. Kibaki alisoma uchumi miaka ya 50, akarudi kufundisha. Obote alipita. Na Ali Mazrui wa Mombasa alifundisha siasa pale kuanzia 1963 mpaka alipoondoka wakati wa Amin. Mchoraji Sam Ntiro wa Machame alisoma na kufundisha kwenye shule ya sanaa iliyoanzishwa na mama mmoja wa Kiingereza, Margaret Trowell, na kwenye shule hiyohiyo ndo alitoka Gregory Maloba wa Kenya aliyechonga sanamu ya uhuru iliyoko katikati ya Kampala. Ukikaa ukahesabu unaona kulikuwa na kipindi ambapo mtu mwenye akili kutoka Moshi, Mombasa, Zanzibar, Gulu na Kisumu walikutana kwenye foleni moja ya chakula, wanalalamika pamoja.

Juni 1963 wakalifanya rasmi kwa kuanzisha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye Makerere, Nairobi na Dar, na Nyerere mkuu wa chuo wa kwanza. Mgawanyo ulikuwa udaktari Kampala, uhandisi Nairobi, sheria Dar. Wazo zuri sana kwenye karatasi. Ila kila nchi ilitaka madaktari wake na mainjinia wake na wanasheria wake, na 1970 wakagawana vyombo kila mtu kwake. Sitaki kuandika sana hapo, kila nikiandika kuhusu jumuiya naishia kukasirika.

Nataka kuandika hili lingine ambalo wengi hawalijui. Kuna kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoanza 1930, ndo hiyo iliyosimamia usanifishaji wa lugha, ndo hiyo baadaye ikawa taasisi ya Kiswahili pale Mlimani. Basi mwaka 1952 hiyo kamati ilihama kutoka Nairobi ikaja kukaa Makerere, ikakaa karibu miaka 10, ndo ikaenda Mombasa na mwisho Dar. Makerere! Kilima ambacho ukisalimia kwa Kiswahili watu wanageuka kuangalia kama una bunduki, kwa sababu Uganda Kiswahili kwa muda mrefu kimekuwa lugha ya askari. Pale getini mimi huwa napita kirahisi kwa sababu hiyo tu, mlinzi akisikia naongea Kiswahili ananyooka, anaitika "ndiyo afande", na mi simsahihishi.

Miaka ya Amin siwezi kuiruka. Wahindi walipofukuzwa 1972 na wageni wengine wakaondoka, madarasa yakapungukiwa walimu. Mwaka huohuo makamu mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na watu wa serikali na hakuonekana tena. Agosti 1976 wanajeshi wakaingia mabwenini kupiga wanafunzi. Wazee wa Makerere ukiwataka wasimulie mambo ya mgomo wa chakula wanacheka, ukifika 1976 wanabadilisha mada. Mabweni yaleyale, korido zilezile nilizosema ziko wazi upepo upite. Ziko wazi kwa kila mtu.

Halafu ikaja miaka ya 90, serikali haina hela, chuo kikaruhusiwa kuchukua wanafunzi wa kujilipia, na idadi ikapanda mpaka ikapita elfu 30. Mabweni yaliyojengwa kwa ajili ya mamia yakaelemewa. Sasa wengi wanakaa nje, na hapo chini upande wa Kikoni pakaota msitu wa hosteli za watu binafsi, ghorofa nne, tano, sita, ukuta kwa ukuta, zimepakwa rangi kali, madirisha yanaangalia madirisha, jirani akipiga chafya unamwambia pole. Hakuna msanifu atakayeziandikia makala. Ila kwa hesabu ya vichwa, wanafunzi wengi wa Makerere wa leo wataikumbuka hiyo kuliko mnara wa saa, watakumbuka mwenye hosteli aliyekata maji na rolex ya usiku wa manane, chapati na mayai mawili, unakula umesimama kwenye tope. Mimi nikipewa kazi ya kuandika historia ya majengo ya chuo kile sura nzima ningeipa Kikoni, na najua wasanifu watanipiga.

Mkija Kampala pandeni kwa kupitia geti la upande wa Wandegeya, na mpande kwa miguu, msichukue boda, manake boda itakushusha moja kwa moja mbele ya mnara na utapiga ile picha na kuondoka. Pigeni, hakuna shida, saa nne asubuhi ndo mwanga mzuri. Halafu zungukeni. Kanisa la Katoliki na la Anglikana yote yako humo, na msikiti upo. Msiende msimu wa mahafali, mwanzoni mwa mwaka, mahema yanafunika Freedom Square yote na kila baba amebeba shada. Kwenye mabweni ya wasichana wanaume mnaishia mapokezi, msijaribu ujanja, wale mama wa pale chini wameshaona kila aina ya binamu.

Na mpwa wangu kaniambia nisiposema kwamba Mary Stuart ndo bweni bora kuliko yote hatanikaribisha tena chai. Nimesema. Mliosoma Africa malizaneni naye huko kwenye maoni.